Mionzi inahitaji oksijeni: barua ya wazi kwa wanaopanga tiba ya saratani Kanda ya Kati

Kwa Waziri wa Afya na watendaji wake pale Mtumba. Kwa wajumbe wa Kamati ya Bunge inayosimamia afya. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Bohari ya Dawa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

YAH: SELI ZA SARATANI ZILIZOKOSA OKSIJENI, NA DAWA AMBAYO HAINA MWENYEWE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma. Si daktari wa saratani na sina mashine ninayotaka mninunulie. Ninachouza tangu asubuhi hadi nafunga ni panadol, dawa za mafua, na metronidazoli, ile ambayo kila mtu anaiita Flagyl: ya amiba, ya jiadia, ya maambukizi ya ukeni. Naandika kwa sababu dawa hii ya elfu mbili tatu ina ndugu zake wa ukoo mmoja ambao wanasayansi wamewachunguza kwa karibu nusu karne kwa kazi nyingine kabisa, na katika mazungumzo yetu yote ya tiba ya mionzi sijawahi kumsikia mtu mmoja akiwataja.

Nianze na ombi lenyewe, maana najua barua nyingi huishia aya ya pili. Katika mpango wowote wa mionzi kwa Dodoma, Singida na majirani zake, oksijeni ya ndani ya uvimbe ipewe fungu lake la bajeti, kama zinavyopewa kuta za zege na mashine. Na katika fungu hilo, Serikali igharimie jaribio la kitabibu la nimorazoli, mmoja wa hao ndugu wa Flagyl, kwa kina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi ambao hawawezi kutumia sisplatini, dawa ya kemikali inayotolewa pamoja na mionzi.

Sasa nieleze kwa nini.

Mionzi haiui seli ya saratani kwa kuichoma kama moto, ingawa huku mtaani tunasema mgonjwa "kachomwa mionzi". Inachofanya ni kuvuruga kemia ya DNA, yaani ile nyuzi inayobeba maagizo ya seli. Inapopigwa, nyuzi hiyo hubaki na jeraha bichi la muda mfupi sana. Oksijeni ikiwepo pale pale, hulishika jeraha hilo na kulifanya la kudumu. Seli ikijaribu kugawanyika, inakufa. Oksijeni isipokuwepo, kemikali nyingine za seli hulitibu jeraha kabla halijakomaa, na seli inaendelea na shughuli zake. Mwingereza L. H. Gray na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1953, na ndiye huyo ambaye jina lake limekuwa kipimo cha dozi katika kila faili la mgonjwa wa mionzi. Seli isiyo na oksijeni inaweza kuhitaji hadi karibu mara 3 ya dozi inayoua seli yenye oksijeni. Mara tatu, waheshimiwa, na hakuna daktari anayeweza kumpa mtu dozi mara tatu, kwa sababu kibofu na utumbo wa mgonjwa vina oksijeni ya kutosha na vitateketea kwanza.

Na uvimbe hukosa oksijeni kwa nini? Mwaka 1955 Gray na mwenzake Thomlinson walitazama kwa hadubini vipande vya uvimbe wa mapafu, wakaona seli zilizo mbali na mshipa wa damu zimekufa, zilizo jirani na mshipa zinanawiri, na katikati yake kuna mstari wa seli zilizo hoi lakini hai. Umbali wenyewe ni mdogo, takribani milimita 0.15. Anayeishi Dodoma hahitaji hadubini kulielewa hili. Siku ya mgao wa maji, nyumba za mwanzo wa bomba hujaza mapipa, ndoo na hadi sufuria. Wa mwisho wa mtaa anafungua koki anasikia mluzi tu. Ndani ya uvimbe ni hivyo hivyo: seli za mwanzo zinainywa oksijeni yote. Za mwisho zinabaki na kiu, na hizo zenye kiu ndizo zinazosalimika siku ya mionzi, kisha zinaurudisha ugonjwa baada ya miezi.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu naona tunaelekea kuamini kwamba mashine mpya itamaliza kila kitu. Mashine ya kobalti-60 na mashine ya kisasa ya linaki zinatofautiana kwa mengi: usahihi wa kulenga, kasi, usalama wa viungo vya jirani. Siyapuuzi hayo. Lakini mionzi ya zote mbili inakabiliwa na tatizo la oksijeni kwa kiwango kinachokaribia kulingana. Mionzi inayolipunguza tatizo hilo kwa kweli ni ile ya chembe nzito kama za kaboni, na vituo vyake duniani ni vya kuhesabika kwa sababu ya gharama. Kwa hiyo siku mtakapokata utepe hapa Kanda ya Kati, na nitakuja kupiga makofi, seli zenye kiu zitakuwa zinawasubiri vile vile.

Ndipo linapokuja suala la ukoo wa Flagyl, yaani nitroimidazoli. Miaka ya 1970 watafiti waligundua kuwa molekuli hizi zinaweza kushika nafasi ya oksijeni kwenye lile jeraha bichi la DNA. Faida yake kubwa, na hii ndiyo sehemu inayonifurahisha mimi kama mtu wa dawa, ni kwamba seli za njiani haziili haraka kama zinavyoila oksijeni. Dawa inapita, inawafikia wale wa mwisho wa bomba. Walianza na metronidazoli yenyewe: mwaka 1976 kundi la Edmonton, Kanada, lilichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo. Ilionyesha dalili, lakini ilihitaji dozi kubwa ambazo mgonjwa anazitapika. Wakaja na misonidazoli, yenye nguvu zaidi, ila iliharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu kiasi kwamba dozi iliyovumilika haikutosha kufanya kazi. Watu wengi wakakata tamaa.

Wadenishi hawakukata. Walichukua nimorazoli, dawa nyingine ya zamani ya trikomona (vimelea vya ukeni), ambayo nguvu yake ni ya wastani lakini mgonjwa anaivumilia: kichefuchefu, kutapika, mara nyingi si zaidi ya hapo, na mishipa ya fahamu inabaki salama. Chini ya Jens Overgaard wa Aarhus waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya koo na zoloto (kisanduku cha sauti), na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Baada ya miaka 5, ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa pale ulipoanzia na kwenye tezi za shingo kwa asilimia 49 ya waliopewa nimorazoli, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mionzi ilikuwa ile ile. Denmark ikaifanya tiba ya kawaida kwa saratani hizo. Na mwaka 2011 Overgaard alikusanya majaribio 32 ya saratani za kichwa na shingo, yenye wagonjwa zaidi ya 4,800, ambamo tatizo la oksijeni lilishughulikiwa kwa njia mbalimbali. Kwa ujumla wake matokeo yaliegemea upande wa kulishughulikia.

Msomaji wa kawaida uliyefika hapa na una mgonjwa nyumbani: tafadhali usije dukani kwangu kununua Flagyl za kumpa kabla ya mionzi. Sitakuuzia. Dozi ya amiba haifanyi kazi hiyo, na dozi kubwa bila uangalizi inaweza kumuumiza.

Nirudi kwenu. Ningekuwa mwongo kama ningeishia kwa Wadenishi. Waingereza nao waliipima nimorazoli katika jaribio lililoitwa NIMRAD, kwa wagonjwa wa kichwa na shingo ambao hawakuweza kupewa dawa za kemikali pamoja na mionzi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2024 hayakuonyesha faida. Kabla ya hapo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilidhamini jaribio katika nchi kadhaa zenye uwezo wa kati na mdogo. Matokeo yake ya mwaka 2015 yalielekea upande wa dawa, ila lilikuwa limesimamishwa mapema likiwa na wagonjwa 104 tu, idadi isiyotosha kuamua chochote. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nimorazoli inafanya kazi?", jibu langu ni kwamba kwa koo huko Ulaya wenyewe wanabishana. Ndiyo maana sikuandika kuomba iingizwe kesho kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Naomba jaribio, na naomba lifanyike hapa.

Kwa nini hapa, na kwa nini shingo ya kizazi? Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, tumeianza nchi nzima mwaka 2018, ni jambo jema sana, lakini mabinti waliochanjwa wakiwa na miaka 14 watavuna faida yake wakiwa watu wazima. Mama zao na shangazi zao wanaugua sasa. Wengi wao wanafika uvimbe ukiwa mkubwa, na uvimbe mkubwa ndio wenye seli nyingi za mwisho wa bomba. Tiba inayotambulika tangu mwaka 1999 ni mionzi pamoja na sisplatini. Sasa sisplatini inapita kwenye figo na inaziumiza, wakati uvimbe mkubwa wa shingo ya kizazi mara nyingi hubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Yule mwenye ugonjwa mzito ndiye figo zake zimeshaelemewa, na ndiye anayenyimwa dawa ya kuisaidia mionzi. Anapigwa mionzi mitupu. Mgonjwa huyu hakuwepo kwenye majaribio ya Ulaya ya koo na zoloto. Yuko Bahi, yuko Manyoni, yuko Kondoa. Kama kuna mahali duniani swali hili lina maana, ni huku, na tukisubiri Wazungu watuulizie tutasubiri sana.

Lakini dawa ni nusu ya habari, pengine hata chini ya nusu. Oksijeni inabebwa na damu, na hapo ndipo nina donge langu.

Mama yangu mdogo wa Chamwino aliugua ugonjwa huu. Alikuwa akivuja damu muda mrefu kabla hajamwambia mtu, akijikinga na vipande vya vitenge vya zamani anavyovifua usiku. Kituo kimoja, ambacho sikitaji, kikampa rufaa ya kwenda kwenye mionzi. Nimeiona barua ile kwa macho yangu: jina, umri, namba ya bima, majibu ya kinyama kilichopimwa, muhuri wa bluu, sahihi mbili. Wingi wa damu hakuna. Nafasi imeachwa wazi. Alipofika kwa zamu yake wakampima, HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikasoma 6.9. Wakamwambia mionzi haianzi mpaka damu ipande, na ndugu watafute wachangiaji. Nikamuuliza kwenye simu kama anajisikia kizunguzungu. Akanijibu, "Mwanangu, damu mimi ninayo, ila naimwaga." Tukaanza kupigiana simu wanaukoo, nani yuko karibu na huko, nani kundi lake ni lipi, nani kachangia juzi tu kwa mjamzito. Zamu yake ikapita akapangiwa nyingine.

Aliongezewa damu, akapigwa mionzi, akamaliza. Sitadai kwamba zile chupa ndizo zilizomponya, kwa sababu mtu mmoja si ushahidi. Kinachojulikana ni kwamba wagonjwa wa shingo ya kizazi wanaopigwa mionzi wakiwa na upungufu wa damu hupata matokeo mabaya kuliko wenzao, na kwamba tiba nzima ikivuka wiki 8 nafasi ya kuudhibiti ugonjwa inaanza kushuka kwa kila siku inayoongezeka. Kipimo cha HB ni tone la damu kidoleni. Kwa nini barua ya rufaa ya saratani inaweza kugongwa muhuri bila namba hiyo? Naomba Wizara itoe waraka: rufaa ya mionzi isiyo na HB ya wiki hiyo irudishwe dirishani, na aliye chini ya kiwango aanze kurekebishwa wilayani kwake, karibu na ndugu zake wenye mikono ya kuchangia, kabla hajapanda basi au treni.

Tahadhari moja hapo, isije ikatokea mfanyabiashara akawaletea njia ya mkato. Kuna sindano ya erithropoietini inayochochea mwili utengeneze damu. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha majibu ya kuitumia wakati wa mionzi ya kichwa na shingo: damu ilipanda kweli, lakini udhibiti wa ugonjwa ukawa mbaya kuliko wa waliodungwa sindano isiyo na dawa. Namba ya kwenye karatasi inaweza kupendeza huku mgonjwa akiharibikiwa. Ndiyo maana nasisitiza upimaji na utafiti, badala ya kununua tu.

Kuna na moshi. Anayevuta sigara wakati wa mionzi anapata matokeo duni. Hilo limeonekana kwa wagonjwa wa kichwa na shingo tangu miaka ya 1990, na sababu mojawapo ni kaboni monoksidi, inayong'ang'ania damu na kuinyima oksijeni nafasi. Bibi zetu wa Kigogo hawavuti sigara, wengi ni ugoro tu. Lakini wanapika kwa kuni ndani ya nyumba ya tembe yenye dirisha la ukubwa wa kitabu, na moshi wa kuni una kaboni monoksidi ile ile. Je, mama anayerudi jikoni kwake kila jioni katikati ya wiki za mionzi anapoteza kiasi gani cha tiba? Serikali imetangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia hadi mwaka 2034, na mitungi ya gesi inagawiwa kwenye mikutano. Mgonjwa wa mionzi asiwe wa mwisho kwenye foleni ya mtungi. Na mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta mada, hiyo nimempa bure.

Jambo la mwisho la kiufundi ni saa. Nimorazoli humezwa kama saa moja na nusu kabla ya mionzi, ili siku hiyo mionzi ikute dawa imeshaenea. Mnaona shida iko wapi. Mama amemeza vidonge saa moja asubuhi, mashine ikazimika, au foleni ikageuzwa kumpisha mtu mwenye simu ya mkubwa, akaingia saa saba mchana. Dawa imeshashuka, kichefuchefu amebaki nacho bure. Jaribio la aina hii litailazimisha hospitali iheshimu ratiba, iwe na fundi wa karibu na vipuri, na iwe na malazi ili mgonjwa wa Mpwapwa asilale kwenye benchi. Hayo yangekuwa faida hata kama nimorazoli yenyewe ingeshindwa.

Mtaniuliza kampuni gani italeta dawa hii. Hakuna. Hataza yake ilikwisha zamani. Kampuni haitumii mabilioni kuthibitisha kitu ambacho jirani yake anaweza kukitengeneza kesho yake. Dawa mpya za saratani zina maofisa mauzo wenye magari na kalamu za bure. Nimorazoli haina mtu. Mwenyewe wake anayebaki ni Serikali, na ndiyo sababu barua hii haikwenda kwa kampuni.

Kwa hiyo kila ofisi niliyoitaja hapo juu ina kipande chake. Taasisi ya Utafiti iandike itifaki pamoja na madaktari wa mionzi waliopo nchini, ipite kwenye kamati ya maadili, na wagonjwa waelezwe kwa Kiswahili chepesi, na ikibidi kwa Kigogo, kwamba hatujui jibu. Mamlaka ya Dawa ipokee maombi ya jaribio bila kuyaacha yalale. Bohari itafute mtengenezaji mwenye viwango, kwa kiasi cha jaribio tu, kisijaze maghala. Wizara itoe waraka wa HB. Huo hauhitaji bajeti mpya wala safari ya kujifunza nje. Na wajumbe wa Kamati, mtakapoletewa makadirio ya mionzi ya Kanda ya Kati, muulize fungu la damu liko ukurasa gani. Msipolikuta, makadirio hayo myarudishe.

Niko dukani siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Ofisa wenu yeyote akitaka kuyajadili haya, aje baada ya saa kumi, mchana wateja ni wengi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfamasia wa Majengo
Dodoma